Timu ya Wakimbizi: Kutoka Viwanja vya Kakuma hadi Olimpiki

Timu ya kwanza ya Olimpiki ya Wakimbizi, iliyoshiriki michezo ya Rio de Janeiro mwaka 2016, ilikuwa na wanamichezo 10. Watano kati yao walitoka Kakuma, kambi iliyoko Turkana Magharibi, Kenya, kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, makao makuu ya kaunti. Wote watano walizaliwa katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, na wote walikuwa wakimbiaji. Hapakuwa na mahali pengine palipochangia timu ile hata nusu ya idadi hiyo.

Kambi ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea watoto na vijana waliokimbia vita vya Sudan kwa miguu. Waliofika wakiwa wadogo walisoma shule za humo humo, na mbio zao zilianzia kwenye viwanja vya vumbi, katika joto ambalo mara nyingi hupita nyuzi 35. Viatu vilikuwa shida kubwa kuliko joto. James Nyang Chiengjiek alifanya mazoezi kwa viatu vya kuazima, na yeye na wenzake wakaumia miguu mara kwa mara kwa kuvaa vya saizi isiyo yao. Rose Nathike Lokonyen, aliyefika Kakuma mwaka 2002, hakuwa amewahi kushindana hadi mwalimu wake alipomshauri aingie mbio za kilomita 10. Alikimbia peku, bila mazoezi yoyote, akawa wa pili.

Mchujo uliowafungulia njia uliandaliwa kambini na wakfu wa amani wa Tegla Loroupe, mzaliwa wa Pokot Magharibi ambaye mwaka 1994 alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda marathoni ya New York. Waliofaulu walihamishiwa Ngong, karibu na Nairobi. Kakuma iko kwenye mwinuko wa mita 600 hivi; Ngong inakaribia 2,000, na hewa nyepesi ya huko huufunza mwili kuitumia vyema oksijeni kidogo inayopatikana. Oktoba 2015 Thomas Bach, wakati huo rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, alitangaza mbele ya Umoja wa Mataifa kwamba wakimbizi wangeruhusiwa kushindana Rio. Wanamichezo 43 walifikiriwa, na tarehe 3 Juni 2016 majina 10 yakatangazwa. Pamoja na Chiengjiek na Lokonyen, Kakuma ilitoa Yiech Pur Biel, Paulo Amotun Lokoro na Anjelina Nadai Lohalith.

Timu hii haiundwi kama timu za mataifa. Mwanamichezo lazima awe mkimbizi anayetambuliwa rasmi, kisha Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki yenyewe ndiyo humteua. Rio na Tokyo timu ilishindana chini ya bendera na wimbo wa Olimpiki. Kwa sababu ya sharti hilo la ukimbizi, kijana Mturkana, mwenyeji wa eneo la kambi, anayesoma darasa moja na mkimbizi hawezi kuingia timu hiyo. Yeye ni raia wa Kenya, na hana budi kupita kwenye mchujo wa Kenya, miongoni mwa migumu kuliko yote duniani. Waturkana wameupita: Paul Ereng alitwaa dhahabu ya mita 800 mjini Seoul mwaka 1988.

Huko Rio, Lokonyen alibeba bendera kwenye ufunguzi, naye Loroupe alikuwa mkuu wa msafara. Wote watano walitolewa raundi ya kwanza, na wapo waliodhani kwamba habari yao imeishia hapo. Saa zinasema vingine. Katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021, Lohalith alikimbia mita 1500 kwa 4:31.65, ilhali Rio alitumia 4:47.38. Katika umbali huo huo, Lokoro alitoka 4:03.96 hadi 3:51.78. Lokonyen alipunguza karibu sekunde 5 katika mita 800. Kwa mkimbiaji aliyeanza mazoezi ya kweli akiwa mtu mzima, kupunguza sekunde 15 katika mita 1500 ni kazi kubwa, na inastahili kuheshimiwa kuliko inavyoonekana kwenye jedwali la medali. Chiengjiek hakubahatika: alijikwaa katika msongamano wa mita 800, akainuka na kumaliza wa mwisho.

Timu yenyewe ilikua hadi wanamichezo 29 Tokyo na 37 Paris mwaka 2024, ikichota watu kutoka nchi nyingi zaidi, hivyo sehemu ya Kakuma ikapungua. Biel, aliyeingia kambini peke yake akiwa mtoto mwaka 2005, alichaguliwa mwaka 2022 kuwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mkimbizi wa kwanza kukalia kiti hicho. Medali ya kwanza ya timu, shaba ya ndondi, ililetwa Paris na Cindy Ngamba, mzaliwa wa Kamerun anayeishi Uingereza. Katika michezo hiyo hiyo, Perina Lokure Nakang, aliyekulia Kakuma, alijipanga kwenye mstari wa mita 800, mbio zile zile alizokimbia Lokonyen.