Mchoraji, Ukuta na Majina ya Rangi: Mfano wa Bagamoyo

Mchoraji anayesimamisha turubai lake mbele ya Ngome Kongwe ya Bagamoyo, iliyojengwa takriban mwaka 1860, hukabiliwa kwanza na tatizo la mwanga. Bahari iko mashariki: asubuhi kuta zinazoielekea hung'aa, na jua likishapita utosini huingia kivulini. Kwa kuwa rangi ya mafuta haikauki upesi, achoraye papo hapo hutumia ubao mdogo na kumaliza kwa saa moja au mbili, ama hurejea kesho yake wakati ule ule.

Tatizo la pili, ambalo ndilo linaloshughulikiwa na makala haya, ni la lugha. Kitenzi *chora* hutumika kwa kalamu juu ya karatasi na kwa patasi juu ya mlango. *Paka rangi* nako humweka msanii kundi moja na fundi wa chokaa (ujirani usio mbaya, kwani fundi huyo ndiye aliyeupa ukuta sura yake). Isitoshe, vivumishi vya rangi vinavyopokea viambishi vya upatanisho wa ngeli moja kwa moja ni vitatu tu: *-eupe*, *-eusi* na *-ekundu*. Rangi nyingine nyingi hutajwa kwa vitu: kijivu kwa jivu, kijani kwa jani, kahawia kwa kahawa.

Wapo watakaouona huu kuwa ni umaskini wa lugha. Hukumu hiyo ni ya haraka. Ukuta wa matumbawe uliobanduka lipu, wenye michirizi ya maji ya mvua, hauwi mweupe wala mweusi. Mchoraji huchanganya rangi mpaka zifanane na kitu kilicho mbele yake, na msemaji wa Kiswahili hufanya vivyo hivyo: *rangi ya chokaa*, *rangi ya udongo*, *rangi ya boriti ya mkoko*. Njia hiyo haina kikomo.

Ina sharti, hata hivyo: kitu chenyewe kijulikane. Saruji ikizibwa juu ya chokaa hufungia unyevu ukutani, lipu ikabanduka zaidi, na kiraka kikabaki na ujivu wake. Mwanafunzi wa sanaa za ufundi katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama chuo mwaka 1981, akikua kati ya kuta za saruji pekee, atalisikia jina *rangi ya chokaa* bila kuiona rangi. Itambidi aufuate ukuta uliosalia, Kaole au Mji Mkongwe, asubuhi, kabla jua halijapanda.