Monita Iliyopeleka Habari za Mgonjwa Nje

Mwishoni mwa Januari 2025, taasisi mbili za Marekani, FDA inayosimamia dawa na vifaa tiba na CISA inayoshughulikia usalama wa mitandao, zilitoa onyo kuhusu Contec CMS8000. Hiyo ni monita ya China inayokaa kando ya kitanda ikionyesha mapigo ya moyo, presha na oksijeni. Ndani ya programu yake ilikutwa anwani ya IP iliyowekwa tangu kiwandani. Ikiunganishwa na intaneti, monita huanza kupeleka taarifa za mgonjwa kwenye anwani hiyo, ambayo si ya mtengenezaji wala ya hospitali yoyote, bali ya chuo kikuu.

Watafiti wa kampuni ya Claroty waliichunguza baadaye wakasema hawaoni njama, bali usanifu mbovu: anwani hiyo imo hata kwenye kitabu cha maelekezo. Naelekea kukubaliana nao. Lakini mgonjwa hilo linamfaa nini, ikiwa habari zake zimeshatoka?

Ushauri wa FDA ulikuwa mwepesi kwa kushangaza. Kama huhitaji kumfuatilia mgonjwa ukiwa mbali, chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, monita iendelee na kazi pale kitandani. Kama unahitaji, acha kuitumia.

Ugumu ni kujua kwamba unayo. Fundi wa vifaa tiba anaihesabu kama monita. Watu wa TEHAMA wanahesabu kompyuta na printa. Kati ya madaftari hayo mawili, mashine inabaki bila mwenyewe, na nenosiri lake ni lile lile la kiwandani.

Wala kuboresha programu ya mashine za hospitali si jambo la kubofya tu. Mashine ya MRI hutumika miaka kumi na zaidi, huku Windows iliyomo ndani ikizeeka mapema, na hospitali haipaswi kugusa programu hiyo bila idhini ya mtengenezaji. Kirusi cha WannaCry kilipoipiga NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, Mei 2017, taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 ziliathirika, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa kiraka, yaani marekebisho ya kuziba mwanya huo, miezi miwili kabla. Mashine isiyoweza kuwekewa kiraka itengewe mtandao wake, izungumze na seva ya wodi tu, isikutane kamwe na Wi-Fi ya wageni.

Hospitali zetu hupokea mashine nyingi za msaada, na aibu ya kuhoji zawadi tunaijua. Hata hivyo, ulizeni kabla ya kusaini: mtengenezaji ataihudumia programu hadi mwaka gani? Nenosiri linabadilishika? Taarifa zinakwenda wapi? Tangu Machi 2023, sheria ya Marekani inamtaka mtengenezaji wa kifaa kipya cha aina hii aorodheshe programu zote zilizomo ndani yake. Kamati zetu za zabuni zidai orodha hiyo hiyo, na msambazaji asiyeweza kuitoa asipewe kazi.