Rengoku na Binti wa Kwenye Sanduku

Katuni ya Kijapani Demon Slayer: Mugen Train (2020) imewagawa watazamaji wa kibanda cha video hapa Babati. Wasioona tamthilia yake ya 2019, yenye sehemu 26, huuliza: “Huyu binti wa kwenye sanduku, mwanzi mdomoni, ni nani?” Filamu haijibu, inaendelea tamthilia ilipoishia. Wenzao huwacheka: “Mlikuwa wapi?” Mimi siungi mkono kicheko hicho. Fanani hamtambulishi Sungura kwa sababu hadhira nzima inamjua. Nezuko hajulikani hivyo. Lakini Rengoku, jamani! Kwenye tamthilia haonekani sana. Filamu yenyewe ndiyo inayomjenga, mpaka usia wa mama yake wa kuwalinda wanyonge. Kwa hiyo anapokufa, hata mgeni wa tamthilia analia.