Newala, Masasi na Jirani Anayebisha Hodi

Asimamaye ukingoni mwa mji wa Newala, mahali paitwapo Shimo la Mungu, huliona bonde la Mto Ruvuma limetandazwa chini yake, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Huko, kuelekea Mueda, wanaishi Wamakonde wenye ujamaa wa damu na lugha na Wamakonde wa upande wetu. Kwa hiyo siasa ya nje, ambayo wengi wetu huidhania kuwa ni shughuli ya mabalozi na mawaziri, huku kusini huingia hadi jikoni. Serikali ikiamua jambo kuhusu Msumbiji, zipo nyumba za Newala na Masasi zitakazopokea wageni, na zipo zitakazobaki na wasiwasi wa jamaa aliyerudishwa alikotoka.

Mwezi Julai 1964, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Cairo, Mwalimu Julius Nyerere alipendekeza mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe, na pendekezo hilo likapita. Ruvuma ukabaki kuwa mpaka. Hata hivyo, kuheshimu mpaka hakukufanywa kisingizio cha kumfungia jirani mlango. FRELIMO ilikwisha kuundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na Kamati ya Ukombozi ya Afrika ilikuwa na makao yake humo humo. Vita vya kumng'oa Mreno vilipoanza Cabo Delgado mwezi Septemba 1964, wakimbizi walivuka mto kwa maelfu, na baadhi yao wakapewa makazi Rutamba, karibu na Lindi. Wapiganaji nao wakawa wanafundishwa Nachingwea, si mbali na Masasi.

Uamuzi ule ulikuwa na gharama. Ureno ilikuwa mwanachama wa NATO, nasi tulikuwa taifa changa na maskini. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Miaka ya 1980 askari wetu walivuka tena kuisaidia dhidi ya RENAMO, na wapo ambao hawakurejea wazima.

Leo jirani anabisha hodi tena, na safari hii swali ni gumu zaidi. Tangu Oktoba 2017, watu wenye silaha wanaojinasibisha na Uislamu wameitesa Cabo Delgado, jimbo ambalo wakazi wake wengi ni Waislamu. Oktoba 2020 waliivamia Kitaya, kijiji kilicho upande wetu wa mto mkoani Mtwara. Machi 2021 waliishambulia Palma, na mwezi Julai mwaka huo vikosi vya nchi za SADC, vyetu vikiwamo, vikaingia Msumbiji. Hapo hatuna ugomvi na serikali: kulinda roho za raia ni amana, na aliyezikwa Kitaya ana haki juu yetu.

Linalotusumbua ni la wale waliokimbia. Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisikitika hadharani kwamba maelfu ya Wamsumbiji walioomba hifadhi Tanzania walirudishwa kupitia Negomano. Kituo hicho kipo ng'ambo ya Daraja la Umoja, daraja lililofunguliwa mwaka 2010 kuunganisha nchi zetu mbili.

Waislamu tuna mfano wa kuutazama. Masahaba walipokimbilia Uhabeshi, Makureshi walituma wajumbe na zawadi wakitaka warudishwe. Najashi, mfalme Mkristo, hakuwafukuza wala hakuwakumbatia kwa upofu. Aliwaita, akamsikiliza Jaafar bin Abi Talib, kisha akaamua. Qur'ani nayo, katika Sura At-Tawba aya ya 6, inaagiza kwamba hata mshirikina anayeomba hifadhi apewe, kisha afikishwe mahali pa amani yake. Usalama na huruma vinakutana hapo: katika kumsikiliza mtu mmoja mmoja kabla ya kumhukumu. Mama aliyebeba mtoto mgongoni asihesabiwe sawa na aliyemchomea nyumba.

Sehemu yetu nasi tuitimize. Wazazi wa Newala na Masasi wajue vijana wao wanasoma kwa nani na wanasafiri na nani. Maimamu waseme waziwazi kwamba kumchinja mkulima si jihadi. Nao wanaolinda mpaka wasimtilie shaka mtu kwa kanzu yake au kwa lafudhi ya ng'ambo, maana jamii inayoshukiwa yote hunyamaza, na taarifa za adui hunyamaza pamoja nayo.

Wazee wetu waligawana mihogo na wageni wa mwaka 1964 bila kujua vita vingekwisha lini. Heshima ambayo Tanzania ingali nayo Msumbiji ilijengwa pia juu ya mihogo ile.