Saa ya bei kali: bei inatoka wapi?

Juzi hapa Makomeno ndogo yangu amenionyesha saa yenye kuandikwa Rolex. Alitaka kuinunua na feza ya minerval. "Yaya, ni dhahabu!"

Nikamwambia: si dhahabu njo inafanya bei. Mu 2019, kule Geneva, saa moja ya Patek Philippe iliuzwa franka milioni 31 za Uswisi. Ilikuwa ya chuma cha pua, tena ilitengenezwa moja tu. Na mashine ya ndani ya saa nyingi ni shaba na zinki vilivyochanganywa. Shaba iko kwetu, zinki iko Kipushi. Kama madini peke yake ingeleta bei, sisi tungekuwa matajiri!

Bei inatoka kwa uchache, kazi ya mafundi, na historia yenye ushuhuda. Rolex zenye alama ya jambia, zawadi za Sultani Qaboos wa Oman, zinapita bei ya ndugu zake. Ni kama bunga: mahindi ikipungua, mfuko unapanda.

Nikauliza: saa yako iko na karatasi? Akanyamaza. Kesho yake tulienda kulipa minerval.