Je, Wajua? Akaunti ya kazini ikikukatalia kuingia

Je, wajua kwamba nywila za kompyuta zilianza kuvuja tangu zikiwa changa? Mwaka 1966, katika chuo cha MIT nchini Marekani, mfumo wa CTSS uliobuniwa na Fernando Corbató na wenzake ulichanganya mafaili mawili: faili la nywila na faili la tangazo la siku. Kila aliyeingia akaonyeshwa orodha ya nywila za watu wote. Miaka minne nyuma, mwanafunzi Allan Scherr alikwishaichapa orodha hiyo hiyo kwenye karatasi, kwa sababu muda aliopangiwa kutumia mashine haukumtosha.

Je, wajua kwamba Slack, kwa kawaida, haikupi akaunti moja ya kuingilia kila mahali? Kila ofisi iliyokualika imekufungulia akaunti yake, hata kama umetumia baruapepe ile ile, na kila moja inaweza kuwa na nywila yake. Kwa hiyo kabla hujalaani nywila, soma juu kabisa kwenye kivinjari: jina lililotangulia .slack.com ni la ofisi gani? Wengi wanaohangaika wanabisha hodi kwenye ofisi waliyoacha kazi zamani.

Na nukta kwenye baruapepe je? Kwenye anwani inayoishia gmail.com, nukta zilizo katikati ya jina hazihesabiki. Ziweke, ziondoe, barua itafika. Lakini kwenye anwani ya ofisi inayoendeshwa na Google hiyo hiyo, nukta inahesabika. j.mushi na jmushi ni watu wawili.

Sasa tuje kwenye ile namba ya kuthibitisha ya tarakimu sita inayobadilika kila sekunde 30 kwenye simu. Je, wajua kwamba hakuna anayekutumia namba hiyo? Siku uliyopiga picha kile kisanduku cha QR, simu yako na mtambo wa kampuni viligawana siri moja. Tangu hapo kila upande unahesabu peke yake sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za kimataifa, unachanganya hesabu hiyo na ile siri, na jibu ndilo namba unayoiona. Ndiyo maana inafanya kazi hata bando likiisha. Na ndiyo maana inakataa saa ya simu ikikosea.

Hapa ndipo watu wanapoumia bila kujua. Chukua simu iliyopangwa kwa majira ya London, mwenye simu akaona saa hailingani na ya Nairobi, akaisogeza mbele kwa mkono. Kwa macho, saa imekaa sawa na ya ukutani. Kwa hesabu za ndani, simu hiyo sasa inaishi saa mbili au tatu mbele ya dunia nzima, na kila namba itakayotoa ni batili. Dawa yake haihitaji fundi: ingia kwenye mipangilio, sehemu ya tarehe na saa, ruhusu simu ijipange yenyewe pamoja na majira ya eneo, kisha subiri namba inayofuata. Ukiona namba imekataa mara mbili mfululizo, anzia hapo.

Je, wajua kwamba kujaribu ovyo ndiko kunakokufungia? Kwenye akaunti za kazini za Microsoft, kwa mpangilio wa kawaida, makosa 10 yanakufungia kwa dakika moja, na ukiendelea kung'ang'ana muda wa kufungiwa unarefuka. Mfumo huo una huruma kidogo: ukirudia nywila ile ile yenye kosa, haukuhesabii upya. Anayebahatisha nywila tofauti tofauti ndiye anayemaliza nafasi zake, maana anafanana na mwizi.

Wakati mwingine mkosaji yuko mbali kabisa. Tarehe 3 Februari 2020, Microsoft Teams iliwagomea watu kwa saa kadhaa kwa sababu cheti cha usalama cha kampuni yenyewe kilikuwa kimeisha muda bila kuhuishwa. Tarehe 14 Desemba mwaka huo huo, mfumo wa Google wa kutambua watumiaji ulikosa nafasi ya kuhifadhia kumbukumbu, na Gmail, YouTube na nyinginezo zikafunga milango kwa takriban robo tatu ya saa. Tarehe 16 Aprili 2025, anwani ya zoom.us ilizimwa kimakosa kwa sababu kampuni zinazosimamia anwani hizo hazikuelewana. Hata ukurasa wa Zoom wa kutangaza hitilafu ulikuwa chini ya anwani hiyo hiyo, nao ukapotea. Na Facebook ilipoanguka tarehe 4 Oktoba 2021, baadhi ya wafanyakazi wake walikwama nje kwa sababu kadi za kufungulia milango ya ofisi zilitegemea mtandao ule ule. Muulize wa meza ya pili kwanza kabla hujabadili nywila.

Je, wajua kwamba lile swali la usalama la chakula unachokipenda ni kufuli bovu? Watafiti wa Google waliandika mwaka 2015 kwamba kwa watumiaji wa Kiingereza, mtu akikisia mara moja tu ana nafasi ya asilimia 19.7 ya kupatia. Jibu ni pizza. Kwetu mwizi angeanza na pilau.

Na zile ofisi zinazokulazimisha kubadili nywila kila baada ya siku 90? Bill Burr, aliyeandika mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mwaka 2003, alisema hadharani mwaka 2017 kwamba anajutia mengi aliyoyaandika. Mwaka huo huo NIST ikashauri nywila ibadilishwe pale tu panapokuwa na dalili kwamba imevuja. Kulazimishana kunazaa Karibu2024, halafu Karibu2025.

Je, wajua kwa nini jamaa wa TEHAMA anakuhoji kama polisi unapomwambia umepoteza simu? Mwaka 2021, wezi walinunua kwa dola 10 ruhusa iliyoibwa ya kuingia kwenye Slack ya kampuni ya michezo ya EA. Wakamwandikia fundi kwamba simu ilipotea usiku kwenye sherehe. Akawapa njia ya kuingia, wakaondoka na gigabaiti 780. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Uber: mkandarasi alisumbuliwa na maombi mfululizo ya kuidhinisha kuingia, akaandikiwa kwenye WhatsApp na mtu aliyejifanya wa TEHAMA, akabonyeza kukubali. Mwizi akajitangaza mwenyewe kwenye Slack ya kampuni, na wapo wafanyakazi waliodhani ni utani. Maswali ya fundi wako yavumilie. Asiyekuuliza kitu ndiye wa kuogopwa.

Laini ya simu nayo ina yake. Namba ikikaa muda mrefu bila kutumika, mtandao huigawa upya, na meseji zako za kuthibitisha zitamfikia mgeni. Tanzania, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Je, wajua kwamba Google hukupa namba 10 za akiba za kuingilia, kila moja ya tarakimu nane na ya kutumika mara moja tu? Zichapishe uziweke pamoja na vyeti vyako.

La mwisho ni kwa wasimamizi. Akaunti ya mfanyakazi ikifutwa kimakosa, Google inakupa siku 20 za kuirudisha, Microsoft 365 siku 30. Kwa hiyo mwenzako aliyetoka likizo ndefu akikuambia akaunti yake haionekani, usimwambie asubiri Jumatatu. Angalia leo hii ilifutwa tarehe gani.