ALIKWENDA KUNUNUA SUKARI, HAKURUDI!

Wiki hii nina kisa cha nyumbani kwetu. Usinicheke, maana hata kwenu kipo cha namna hii, ila hamjakaa chini mkakichunguza.

Kwetu mtu akichelewa kurudi haulizwi alikuwa wapi. Anaulizwa, "Vipi, ulikwenda kununua sukari?" Basi sebule nzima kicheko.

Utani huo una zaidi ya miaka 40 na unamhusu Babu, mzaa baba. Mwenye hadithi ni Bibi. Iwe msiba, iwe harusi, lazima aitoe, na siku zote anaanza hivi: "Siku hiyo, mwaka 1983, nikampa hela nikamwambia kapange foleni ya sukari. Akavaa shati lake la kijani, akatoka. Mpaka leo!" Hapo anahesabu mateso: chumba kimoja Manzese, watoto watatu, maandazi ya alfajiri, mwenye nyumba anagonga mlango. Anamalizia, "Nikaja kusikia kaoa huko Kimamba, anazaa tu." Kisha anavuta kikombe chake cha chai.

Hadithi imekaa sawasawa, msomaji. Mbaya yupo, shujaa yupo. Baba yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba, kaikulia hiyo hiyo. Katika watoto wake wote hakuna aliyepewa jina la Babu, na unajua jina la babu haliachwi hivi hivi.

Na mimi je? Mimi niliigeuza mtaji! Mwaka juzi nilikuwa na mchumba, binti wa watu, bomba kweli kweli. Mambo ya mahari yalipoanza kuwa mazito nikaingia mitini. Aliponibana nikajitia huzuni kama msanii wa sinema, nikamwambia, "Wanaume wa ukoo wetu ndivyo tulivyo. Ni damu ya Babu." Masikini, akalia. Mwenzako nikajiona nimesema jambo la maana.

SIMU YA SHANGAZI

Sasa mwezi uliopita ikaingia simu ya shangazi yangu wa Kimamba, ambaye sikuwahi kumtia machoni. "Mwanangu, babu yako anaumwa. Anamwulizia baba yako."

Nikamfikishia Mzee ujumbe. Hakuinua hata macho kwenye gazeti. "Mwambie nimekwenda kununua sukari."

Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Nikasema liwalo na liwe, nakwenda mwenyewe. Nikapanda treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwaka 2024. Chini ya saa mbili nikawa Morogoro, nikadandia basi. Njia nzima nawaza: hapa ni karibu hivi, huyu mzee kilichomshinda kurudi ni nini?

Nilimkuta kitandani, kakonda, ila akili zake timamu.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

Nikamtajia jina la Baba. Akakaa kimya, halafu akaanza bila kuulizwa: "Mjukuu wangu, mimi walinikamatia kwenye foleni."

Msomaji, nilihisi kama nimeingia sinema ile ile kwa mlango wa nyuma.

Kwa mliozaliwa juzi kama mimi, ngoja niwakumbushe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa hoi. Vita vya Idi Amin vya 1978 na 1979 vilikomba hazina, mafuta yalipanda bei, fedha za kigeni hakuna. Sukari, sabuni, unga, vyote kwa foleni. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ukaanza msako wa wahujumu uchumi. Mwaka huo huo ikaja sheria ya Nguvu Kazi: kila mtu mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika. Mjini Dar, asiyeweza kuonyesha kuwa ana kazi alihesabiwa mzururaji, akapakiwa kwenye gari kupelekwa vijijini akalime.

"Wakataka kitambulisho cha kazi," Babu akasema. "Mimi nauza karanga na sigara moja moja, kitambulisho nitoe wapi? Nikapandishwa lori. Wameniteremsha huku usiku, hela ya sukari bado nimeishika mkononi."

Nikajisikia vibaya sana. Miaka yote tunamcheka mtu aliyekamatwa! Hasira zikanipanda, nikamwona Bibi ni mwongo.

Lakini kabla ya kulala nikakumbuka kitu. Si siri kwamba wengi waliopelekwa vijijini na Nguvu Kazi walirudi mjini baada ya muda. Na hadithi ya Babu ilitoka kwenye lori ikaruka moja kwa moja mpaka shamba lake la mahindi na mke wake wa pili. Asubuhi nikajikaza: "Babu, wenzako walirudi. Wewe je?"

Akatazama ukutani weee! Kisha akasema taratibu, "Niliona haya. Usiku wa kuamkia siku ile bibi yako aliniambia mimi si mwanamume, nisirudi bila sukari. Nikasema nivune kwanza, nirudi na kitu. Mavuno yakawa mabaya. Mwaka ukapita. Ukipita mwaka, mjukuu wangu, mlango unakuwa mzito."

MAJIBU YA BIBI

Nikarudi Dar moja kwa moja kwa Bibi. Ananiitaga mume wake, kwa hiyo nikamwuliza kiume: "Mke wangu, ulijua habari ya lori?"

Akaacha kuchambua mchele. "Nilijua. Wiki haijaisha jirani akaja kuniambia alimwona anapandishwa."

"Sasa mbona hukutuambia?"

"Nikamsubiri. Mwaka mzima baba yako akisikia gari tu anakimbilia mlangoni, shule haendi. Halafu nikapata habari mwenzangu kaoa. Ningeendelea na habari ya lori, wanangu wangesubiri mpaka uzee. Nikaona bora niwape baba aliyekimbia, waache kumngoja, wasome."

Nilikosa la kusema. Hadithi niliyoiona ya masengenyo ndiyo iliyompeleka baba yangu shule.

Hapo ndipo nilipopata somo, msomaji. Katika hawa wawili hakuna aliyetunga kitu. Sukari ilikuwepo, lori lilikuwepo, mke wa Kimamba yupo. Tofauti ni kila mmoja kaanzia wapi na karuka wapi. Ukianzia kwenye hela ya sukari, Babu ni mtoro. Ukianzia kwenye lori, kaonewa. Ukianzia usiku ule wa maneno makali, wote wawili ni vijana wenye njaa waliokosana, na kesho yake dunia ikawawahi.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, ukisikia hadithi ya kwenu, iwe ya baba mlevi au ya shangazi mchawi, uliza mambo matatu. Imeanzia wapi? Nani hajawahi kuulizwa? Na ni mwaka gani unaorukwa kila siku? Uliza kwa adabu, maana aliyeruka mara nyingi alikuwa na sababu. Na kabla hujasema "ndivyo tulivyo", hakikisha ndivyo mlivyokuwa kweli.

Mzee nilimsimulia yote, la Babu na la Bibi, sikuficha. Alinyamaza siku mbili. Ya tatu akaniuliza treni inaondoka saa ngapi. Wakati tunatoka, Bibi akatuita mlangoni, akampa mwanawe mfuko wa kilo mbili. "Mpe. Mwambie tuliishia kuinunua wenyewe."

Kule Kimamba Baba na Babu hawakuongea mengi. Walikunywa chai.

Na yule binti? Nimempigia juzi. Nikamwambia, lile la damu ya Babu lilikuwa uongo wangu.

"Kwa hiyo aliyenikimbia ni wewe mwenyewe?"

"Ni mimi."

"Haya," akasema, akakata simu. Sijui hiyo "haya" ni ya wema au ya ubaya, lakini angalau safari hii nimeanzia mahali penyewe.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.